Usiku wa Kuamkia Jumapili

Nakumbuka Ijumaa moja ya miaka ya Mwingereza, mwanangu, nilipopanda baiskeli pale Kipawa nikiwa na karatasi mfukoni na haraka kifuani. Karatasi ile haikuwa na maneno mengi. Naweza kukusomea yote sasa hivi bila kuitazama, ingawa ninayo bado, imekunjwa ndani ya cheti changu cha shule, na mikunjo imeanza kuachana.

Usinitazame nywele ukasema huyu hajafikia kutoa nasaha. Ni kweli, nina miaka arobaini na kitu tu. Lakini wako watu wanaozeeka kwa miaka na wako wanaozeeka kwa njia, na njia mimi nimezitembea. Tabora nimekaa, Kigoma nimekaa, Mwanza, Lindi, mpaka Songea. Kila mahali mwaka mmoja au miwili, kisha nafunga mzigo. Watu husema, huyu bwana ana miguu ya upepo. Mimi nacheka nao. Hawajui upepo wenyewe ni upi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini. Nimetoka Ugogo, nimesoma misheni hadi sekondari, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko busara yangu. Nikapata kazi kwenye kituo kidogo cha kupima hewa kule Kipawa, karibu na uwanja wa ndege. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja, kibanda cheupe cha mbao chenye vipimajoto, mkebe wa kupimia mvua, na juu ya mlingoti mshale wa bati uliogeuka kila upepo ulipogeuka. Bwana wa kituo, Mwingereza mpole mwenye subira, aliandika utabiri kwa Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuutia katika Kiswahili. Kila Ijumaa nilitafsiri utabiri wa Jumamosi na Jumapili kwa kisiwa cha Unguja na bahari iliyo kati yetu na kisiwa hicho, kisha nikapeleka nakala Msasani, nikaibandika kwenye ubao ukutani kwa Mzee Nassor.

Mzee Nassor alikuwa mwenye duka. Babu yake alitoka Uarabuni, lakini yeye alizaliwa Msasani, akaoa Msasani, na Kiswahili chake kilikuwa kile ambacho mtu hakisomi shule. Aliuza mchele, mafuta ya taa, kamba na sindano. Watu wengi wa pale hawakujua kusoma herufi zetu, ingawa Kurani waliisoma vizuri. Basi Mzee Nassor ndiye aliyewasomea ubao. Alivaa miwani, akasoma polepole, na watu wakasikiliza kama wanaosomewa barua ya ndugu aliye mbali.

Barazani pale walipenda kunitania.

"Mpiga ramli wa Serikali kaja!" alizoea kusema Makame, nahodha aliyekuwa akivusha abiria kwenda Kizimkazi, kusini mwa Unguja. "Hebu tuambie, Mgogo. Kwenu mvua si mnaisikia kwa wapita njia tu?"

"Ndiyo maana tunaijua, nahodha," nilimjibu. "Mwenye njaa ndiye ajuaye harufu ya chakula."

Walicheka, nami nikapanda baiskeli nikijiona mtu. Kijana akichekewa vizuri na wakubwa hudhani amekuwa mkubwa mwenzao.

Nilipanga chumba Kinondoni, katika nyumba ya makuti ya mjane mmoja aitwaye Bi Kidawa. Alikuwa mshona kofia. Mkono wake ulikuwa mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Siku ya kwanza aliniuliza jina, nikamwambia Yohana.

"Yohana ni huko kwenu. Hapa utaitwa Yahaya. Jina ni moja, nyumba ndiyo mbili."

Basi nikawa Yahaya. Alinipikia bila kuombwa. Nikichelewa kurudi alikuwa ananifunikia chakula kwa kawa, kisha ananisema mpaka nimalize kula. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa gari moshi, na nakiri kwamba mwaka ule sikumkumbuka sana, kwa sababu nafasi yake ilikuwa na mtu.

Kila Alhamisi, jua likituchwa, Bi Kidawa aliweka makaa kwenye chetezo, akatia ubani, akaupitisha chumba hadi chumba. Wiki ya kwanza nilimwuliza kuna nini.

"Leo usiku wa Ijumaa, mwanangu."

"Leo Alhamisi, bibi."

"Mchana ulikuwa Alhamisi. Jua limekwisha tua. Huu ni usiku wa Ijumaa."

Nikacheka. Nikamwambia saa za ofisini hazijui habari hiyo. Naye akanipungia moshi usoni akasema, "Yahaya, wewe hujambo kusoma, ila kusikia ndiko kunakokushinda." Tukacheka wote wawili. Ukawa utani wetu wa kila wiki: yeye na usiku wake wa Ijumaa, mimi na Alhamisi yangu. Nataka uweke hili akilini, mwanangu. Niliambiwa. Sikuambiwa mara moja, niliambiwa kila wiki kwa mwaka mzima, kwa moshi wa ubani puani mwangu. Nililichukua kuwa jambo la wazee, kama hirizi na dawa ya jicho.

Bi Kidawa alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti aitwaye Saumu, aliyeolewa Kizimkazi. Mwaka ule Saumu alikuwa na mimba ya kwanza na miezi ilikuwa imetimia. Bibi alikwisha shona vitambaa, akakata kanga kuukuu za kumfungia mtoto, akafunga furushi. Alhamisi moja ya majira ya kusi, chetezo mkononi, akaniambia:

"Yahaya, kesho karatasi yako uitazame vizuri. Nami nimo. Nimesema na nahodha Makame, ananingoja mwisho wa juma hili. Nitapanda siku itakayosema karatasi yako."

"Usiwe na shaka, bibi. Kabla hujapanda, mwambie Mzee Nassor akusomee."

"Si utanisomea wewe mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipoona haya kidogo. Nilikuwa nimepanga mambo mengine. Temeke kulikuwa na rafiki yangu, mpiga gitaa, na Jumamosi ile kulikuwa na dansi ambalo tulilingoja mwezi mzima. Nilinunua suruali kwa ajili ya dansi lile.

"Nitakuwa Temeke mpaka Jumapili. Lakini karatasi ni mimi yuleyule. Ukisomewa, umeniona."

Akanitazama, akatabasamu. "Haya. Nitamwona Yahaya wa karatasi."

Basi Ijumaa ile, bwana wa kituo alinipa utabiri wake. Ulikuwa mrefu kuliko siku zote. Kusi lilikuwa likivuma kwa wastani, na mvua za mchoo, zile rasharasha za kipupwe zinazokuja na kuondoka, zilikuwa za kawaida. Lakini kulikuwa na upepo mzito uliokuwa ukijikusanya kusini, naye akaandika kwa uangalifu utaanza saa ngapi na utakwisha saa ngapi: kuanzia Jumamosi jua linapotua, hadi alfajiri ya Jumapili. Aliandika saa kwa hesabu ya Kizungu, saa zao zinazohesabiwa tangu usiku wa manane. Ilinibidi nizigeuze ziwe saa zetu. Kazi yenyewe si ngumu, mwanangu, hata mtoto huiweza. Lakini nilikuwa na baiskeli ya kwenda Msasani na kurudi hadi Temeke, na suruali mpya ndani ya mfuko. Nikaona, ya nini maneno yote haya? Mswahili haangalii saa. Nikazifuta saa. Nikaandika hivi:

"Hali ya hewa ya Jumamosi na Jumapili, kisiwa cha Unguja na bahari yake. Pepo za kusi za kawaida, jua na rasharasha hapa na pale. Upepo mkali na mvua kubwa usiku wa Jumamosi. Vyombo vidogo visitoke. Baada ya hapo shwari."

Nikaisoma, nikaipenda. Fupi, safi. Nilidhani ufupi ni ufundi.

Nilifika Msasani watu wametoka msikitini, wamekaa barazani na kanzu zao nyeupe. Nikabandika karatasi kwa gundi. Mzee Nassor akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye usiku akasimama. Akarudia kwa sauti ya chini. Kisha akaniuliza:

"Mwanangu, usiku wa Jumamosi upi huu?"

Nilikuwa nimekwisha kamata usukani. Nikajibu bila kugeuka vizuri:

"Kwani mzee, kwenu Msasani wiki moja ina Jumamosi ngapi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Makame akapiga paja. "Mzee Nassor leo kapatikana! Mgogo kamfunga bao!" Nami nikacheka, moyo umejaa. Nilimwona mzee akifungua mdomo kama anayetaka kusema tena, kisha akaufunga, akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanzu. Nikapiga kengele ya baiskeli, nikaondoka.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lina dawa.

Sasa fuata jambo lilivyokwenda, maana hapa ndipo mkosi ulipojipanga kama uliotumwa. Jioni ile ya Ijumaa ilinyesha. Haikuwa mvua ya ajabu, ni mchoo wa kawaida wenye upepo kidogo, uliovunja matawi mawili matatu na kulowesha kuni za watu. Kwangu mimi ilikuwa Ijumaa jioni, si kitu. Kwao Msasani, jua lilikwisha tua, kwa hiyo ulikuwa usiku wa Jumamosi, na upepo na mvua vimekuja kama karatasi ilivyosema. Asubuhi kukakucha kweupe, bahari imelala. Baada ya hapo shwari! Baadaye niliambiwa kwamba barazani asubuhi ile nilisifiwa. Makame alisema, "Leo nimemvulia kofia. Mgogo kajua." Na Bi Kidawa, aliyekuja na furushi lake kichwani tangu Kinondoni, alisomewa karatasi na Mzee Nassor, akaomba isomwe mara ya pili, kisha akasema mbele ya watu, "Hiyo hati ya mwanangu. Twendeni."

Waliondoka baada ya sala ya adhuhuri, watu saba.

Mimi nilikuwa Temeke. Tulipiga pasi mashati kwa pasi ya mkaa uani kwa rafiki yangu, tukiimba. Magharibi ilipoingia, mshindo ukaja kutoka kusini kana kwamba mtu ameburuta bati juu ya mji. Makuti yakaanza kuinuka. Pasi ikamwaga majivu. Kila mtu akakimbilia ndani, na dansi likavunjika kabla halijaanza, na rafiki yangu akalaani suruali zetu zilizolowa. Unajua mimi nilisema nini, mwanangu? Nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, nikasema:

"Si niliwaambia? Usiku wa Jumamosi. Mimi siandiki ovyo."

Nimesema maneno mengi maishani, mengine ya matusi, mengine ya uongo. Yote nitayasahau kabla ya hayo.

Jumapili asubuhi nilirudi Kinondoni. Nyumba ilikuwa imefungwa, kuti moja limeng'oka. Jirani, mama mmoja wa Kizaramo, alikuwa akifagia majani.

"Bi Kidawa yuko wapi?"

"Kasafiri. Humjui yeye na mjukuu anayemngoja?"

"Atasafiri leo, mchana. Leo ndiyo shwari."

"Kaondoka jana, baba. Kasema karatasi yako imemwambia upepo umeshapita."

Nilisimama pale. Nikasema, "Umeshapita lini?" na jirani akanijibu kama mtu anayejibu swali la kipumbavu, "Usiku wa Jumamosi. Si mvua ile ya juzi?"

Ndipo nilipousikia usiku wa bibi, mwanangu. Mwaka mzima wa ubani ulinirudia puani kwa mara moja. Nilipanda baiskeli. Sikumbuki njia. Nakumbuka kwamba Msasani duka lilikuwa limefungwa, na Mzee Nassor hakufunga duka hata siku aliyomzika kaka yake. Watu walikuwa wamesimama ufukoni wakitazama bahari. Hakuna aliyenitania. Walinipisha, kama wanavyompisha mfiwa, nikatamani mmoja anipige.

Alasiri wavuvi wa Kunduchi walileta watu wanne waliokutwa wameshikilia mlingoti. Makame alikuwa mmoja wao. Mikono yake ilikuwa imechubuka hadi nyama. Walimketisha, wakamfunika, wakampa maji ya moto yenye tangawizi. Akaniona. Nilidhani ataniita jina baya, lakini alisema polepole tu, kama anayetaka kuelewa:

"Mgogo. Ulisema shwari."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Tulikuwa tumefika mahali unaiona Unguja," akasema. "Upepo ukaja. Bi Kidawa alikaa karibu yangu, furushi kifuani. Akaniambia, 'Makame, upepo gani tena huu? Yahaya kasema umeshapita.' Nikamwambia ashike kamba. Hakuachia furushi." Akatazama viganja vyake. "Hakuachia."

Hawakumwona tena, yeye na wengine wawili. Kaburi lake halipo. Mpaka leo sina mahali pa kwenda kuinama.

Siku ya tatu ya matanga Mzee Nassor aliniita dukani. Alifungua ubao mmoja tu wa mlango, akaingia, akaniambia nikae juu ya gunia. Akaitoa karatasi yangu. Alikwisha ibandua ukutani kwa maji, taratibu, haikuchanika.

"Soma."

Nikasoma.

"Usiku wa Jumamosi ni upi?"

"Ni Jumamosi, mzee, jua likishatua."

"Kwa nani?"

Nikaitazama tena karatasi.

"Nakuuliza kwa nani. Kwako wewe na bwana wako, ndiyo. Kwetu sisi, jua likitua Ijumaa tumeshaingia Jumamosi. Usiku ndio mkubwa, mchana humfuata. Hata mtoto wa chuo cha Kurani hapa anajua. Umeishi kwa Bi Kidawa mwaka mzima. Hakukufundisha?"

"Alinifundisha."

"Basi?"

"Nilimcheka, mzee."

Nje watu walikuwa wakipita, wakiona ubao umefunguliwa, wakiendelea na njia.

"Hukuandika uongo," akasema. "Mwongo ningejua la kumfanya. Wewe umeandika kweli, lakini umeiandika kwa masikio yako. Neno si la msemaji, Yahaya. Likishatoka ni la anayelisikia, yeye ndiye atakayelipanda na kulisafiria. Ungeandika 'usiku wa kuamkia Jumapili', maneno mawili tu, na leo yule mama angekuwa amepakata mjukuu."

Kisha akavua miwani, na nikaona macho yake yalivyokuwa madogo na mekundu.

"Na mimi nilikuuliza mara moja. Mara ya pili niliona haya, kwa sababu walicheka. Mtu mzima kama mimi, kuona haya mbele ya kijana aliyeshika karatasi! Nikajiambia, aah, Jumamosi ni Jumamosi, Serikali inajua. Nikawasomea. Hilo ni langu, nitalijibu mwenyewe kwa Mola wangu. Wewe chukua lako." Akanipa karatasi. "Usiichane."

Sikuichana.

Kwenye kituo hakuna aliyeniuliza. Bwana wa kituo alitazama daftari lake, akaona upepo ulikuja saa aliyosema utakuja, akaridhika. Nami sikumwambia. Mwezi uliofuata niliacha kazi, nikapanda gari moshi, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kupanda na kushuka. Kila mji nilipofika nilitafuta chumba ambacho mwenye nyumba hakai humohumo. Niliambiwa kwa barua kwamba Saumu alijifungua mtoto wa kiume siku ya pili ya matanga ya mama yake. Sikujibu barua ile. Nilijiambia nitakwenda mwenyewe, nimweleze kwa kinywa. Nikasema mwaka huu. Nikasema mwaka ujao. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Miaka ikapita, Mwingereza akaondoka, bendera ikabadilika, na mimi sijavuka bahari.

Nimevuka mwaka huu. Mzee Nassor ni marehemu zamani, duka lina mtu mwingine, na Msasani siku hizi nyumba zake nyingine zina kuta ndefu. Nilifika Kizimkazi alasiri, nikauliza nyumba ya Saumu. Nilikuta mwanamke mwenye umri karibu na wangu, anashona kofia, mkono mwepesi. Sikuhitaji kuuliza tena.

Nikasema jina langu, Yahaya. Nikatoa karatasi. Nikamweleza yote, hata suruali, hata kicheko. Alisikiliza bila kuacha sindano. Nilipomaliza akasema:

"Mzee Nassor alikuja kunieleza, mwaka uleule. Alilia hapo ulipokaa. Nikamwuliza, na huyo kijana? Akasema, atakuja. Nimekungoja, baba. Mwanangu kakua, kaoa, mie bado nangoja. Nikasema labda naye kafa."

Sikusamehewa, mwanangu, nisikudanganye. Neno hilo halikutoka kinywani mwake, nami sikuliomba. Maji yakimwagika hayazoleki. Alichoniuliza ni hiki tu:

"Mama aliniletea habari zako kwa watu. Alikuwa akisema, Yahaya ni mwanangu mzuri, ila hasikii. Sasa wasikia?"

"Nasikia."

Jua lilikuwa linatua. Akaweka kofia chini, akainuka, akaleta chetezo na makaa, akatia ubani. Siku hiyo kalenda ilisema Alhamisi. Akanitazama juu ya moshi, kama anayenijaribu.

"Leo ni usiku wa nini?"

"Usiku wa Ijumaa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akapita na moshi wake hadi chumba cha pili. "Basi kaa," akasema kutoka huko. "Utakula."

Ndiyo niliyotaka kukuambia, mwanangu, wewe uliyesoma kuliko mimi, unayeandika barua za wengine, unayewatafsiria bibi zako maneno ya hospitali na ya mahakama. Elimu yako ni mali, sikatai. Lakini neno usilipime kwa ulivyolisema. Lipime kwa litakavyosikiwa na yule asiye na kitabu chako. Mzee akikuuliza swali linalokuchekesha, meza kicheko, umjibu, kisha mwombe akurudishie jibu lako kwa maneno yake, usikie amelibeba vipi. Ukiwa wewe ndiye uliyeuliza na watu wakakucheka, uliza tena; haya huua kuliko upepo. Usifupishe onyo kwa sababu una safari ya dansi. Na ukikosea, nenda useme mapema, ungali na miguu, kabla kosa halijajifanya mwenyeji na wewe mgeni kila uendako. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema. Mimi naongeza, wala usimpe mwenzio nyota yako bila kumwonyesha iko upande gani.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa ulimi. Akupe wazee wa kukuuliza mara ya pili, na moyo wa kuwajibu. Na akulaze salama usiku huu. Nao, ili tusikosane, nasema ni usiku wa kuamkia kesho.